JUA LA RUNGWE LIPIMWE RUNGWE

Mtu akisafiri kutoka Dodoma mpaka akaingia Tukuyu katika miezi ya masika, hana haja ya kuambiwa na mtaalamu ye yote kwamba amefika chini ya mbingu nyingine. Kule ameacha uwanda ambao mvua yake ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600. Huku anakuta migomba inayochuruzika maji, ukungu barabarani hata saa sita ya mchana, na wananchi wanaoshika miavuli kama wenzao wa nchi kavu wavaavyo kofia, maana mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Walakini katika maandishi mengi na hotuba nyingi juu ya umeme wa jua, Dodoma na Tukuyu huwekwa katika hesabu moja. Twaambiwa kwamba Tanzania hupata saa 2,800 mpaka 3,500 za jua kwa mwaka, na kwamba kila mita moja ya mraba ya ardhi yetu hupokea yuniti 4 mpaka 7 za nguvu ya jua kila siku.

Hesabu hiyo si ya uongo. Ni hesabu ya nchi nzima, na nchi yetu ni kubwa. Yuniti yenyewe ni ile ile anayoinunua mwananchi kwa Luku, yaani nguvu ya kuwasha taa ya wati 100 kwa muda wa saa 10. Lakini kati ya 4 na 7 pana nafasi ya kutosha kumfilisi mtu, na mwananchi wa Masoko au wa Mwakaleli hanunui paneli kwa ajili ya nchi nzima. Hununua kwa ajili ya paa lake.

Tufanye hesabu, kwa kuwa jambo hili bila hesabu hugeuka kuwa porojo. Tuchukue zahanati iliyo mbali na nyaya za TANESCO, ambayo taa zake na jokofu lake dogo la chanjo hutumia yuniti moja kwa siku. Katika kila mtambo wa jua kuna kiasi kinachopotea njiani, katika nyaya, katika betri, katika vumbi na joto la paneli, na tuchukue kwamba sehemu 7 katika 10 ndizo zitakazofika kwenye taa. Paneli ya wati 100 hutoa wati 100 pale tu jua linapopiga kwa nguvu kamili, na siku ya yuniti 6 ni sawa na saa 6 za jua la namna hiyo. Basi fundi akiamini kwamba jua la mahali pale ni yuniti 6, ataweka paneli za wati 240, atawasha taa mbele ya kamati ya kijiji, atapigiwa makofi na kuondoka kwa amani. Ukija mwezi ambao jua ni yuniti 4, zahanati ile ile yahitaji wati 360. Ukija wa yuniti 3, yahitaji wati 480, na kwa zile 240 zilizo juu ya paa itapata nusu tu ya mahitaji yake. Chanjo haziwezi kungoja mpaka Agosti.

Hasara haiishii hapo. Betri za risasi zinazokaa wiki baada ya wiki bila kujaa huharibika mapema, na betri ndiyo sehemu ya mtambo inayokula fedha mara kwa mara. Kwa hiyo kosa la hesabu lililofanywa siku ya kwanza hulipwa tena na tena kwa miaka, na anayelipa si yule aliyekosea. Halafu lawama huangukia mahali pasipo pake. Watu husema umeme wa jua ni ulaghai, au paneli zilizoletwa ni bandia. Paneli bandia zipo, hilo hatulikani. Lakini paneli nzuri iliyopimwa kwa jua la Singida na kufungwa Rungwe nayo itamwaibisha mwenyewe mbele ya jirani zake. Anayeumia zaidi katika mambo haya ni yule aliyeuza ng'ombe au gunia za viazi ili watoto wasome usiku, akaona taa inafifia saa mbili, hana wa kumwuliza.

Yafaa tueleze kwa nini jua la Rungwe ni gumu kukisia. Tukuyu iko kusini ya Ikweta kwa digrii 9 na robo hivi. Kwa umbali huo mdogo, siku fupi kuliko zote za mwaka ina mwanga wa saa 11 na nusu, na siku ndefu ina saa 12 na nusu; tofauti ni saa moja tu. Tena juu ya mawingu, kabla hewa haijapunguza cho chote, jua la Desemba huileta nchi hii karibu yuniti 11 kwa mita ya mraba kwa siku, na jua la Juni yuniti 8 hivi. Msomaji atazame jambo hili la ajabu: mwezi ambao jua ni kali zaidi huko juu ndio mwezi ambao Rungwe imeanza kufunikwa. Basi si kalenda inayoamua mwananchi atapata umeme kiasi gani. Ni wingu.

Na wingu la Rungwe lina asili yake. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 475 hivi juu ya bahari. Kutoka ufukoni huko mpaka kilele cha Mlima Rungwe, chenye mita 2,960, ni mwendo wa kilomita 50 hivi kwa njia ya ndege. Upepo unaovuma kutoka kusini-mashariki hubeba unyevu wa ziwa, ukakutana na ukuta wa mlima na safu za Livingstone, ukalazimika kupanda. Na hewa ikipanda hupoa, na ikipoa unyevu wake hugeuka kuwa mawingu na mvua. Ndiyo sababu chai hustawi Katumba. Ndiyo sababu pia mtu aweza kuacha jua kali Kyela, akapanda gari, na kabla hajamaliza mazungumzo na jirani yake akafunga madirisha kwa baridi na ukungu. Nchi ya namna hii haikubali kupewa tarakimu moja.

Jua hupimwaje? Njia ya zamani ni nzuri hata kwa kuitazama. Ni tufe la kioo linalokusanya miale ya jua na kuunguza alama juu ya kipande cha karatasi nene; jua likifunikwa, alama hukatika, na jioni mpimaji huhesabu ni saa ngapi jua lilionekana. Mskoti John Francis Campbell alilibuni mwaka 1853, na George Gabriel Stokes akalitengeneza vizuri zaidi mwaka 1879. Mwaka 1924 mtaalamu wa Sweden, Ångström, alionyesha namna ya kuzigeuza saa hizo kuwa kipimo cha nguvu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake wa mwaka 1998, lilisema kwamba mahali ambapo hapajapimwa, ichukuliwe robo moja ya nguvu iliyoko juu ya hewa, kisha iongezwe nusu ya nguvu hiyo kwa kadiri ya sehemu ya mchana ambayo jua lilionekana. Kwa kanuni hiyo, siku ya Desemba yenye jua kwa robo tu ya mchana itatoa yuniti 4 na kidogo. Siku ya Desemba yenye jua kwa robo tatu za mchana itatoa karibu 7. Kanuni ni nzuri, lakini ile robo na ile nusu ni kiraka cha mahali pasipopimwa. Kila nchi yenye milima yapaswa kutafuta tarakimu zake yenyewe.

Chombo cha siku hizi ni piranomita, ambacho hukaa wazi chini ya kuba dogo la kioo na kuandika nguvu ya jua dakika kwa dakika, la moja kwa moja na lile linalopenya mawinguni. Hakina ugumu wo wote ila kimoja: lazima kioo chake kifutwe na chombo kihakikiwe mara kwa mara, la sivyo huanza kusema uongo kwa sauti ya ukweli.

Na tatu ni njia ya setilaiti. Hapa twapenda kuwapa wasomaji habari njema ambayo wengi hawajaipata. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Meteosat huipiga picha Afrika kila baada ya dakika 15, na kutokana na mawingu yanayoonekana katika picha hizo wataalamu hukadiria jua lililofika chini. Tume ya Ulaya, kwa kituo chake cha utafiti kilichoko Ispra, Italia, huzitoa hesabu hizo kwa jina la PVGIS. Benki ya Dunia, pamoja na kampuni ya Solargis ya Slovakia, ilifungua Atlasi ya Jua ya Dunia Januari mwaka 2017. Shirika la anga la Marekani, NASA, kwa mradi wake uitwao POWER, hutoa kumbukumbu za jua za kila siku tangu mwaka 1984. Zote hizo ni bure. Mwalimu wa hesabu wa Tukuyu mwenye simu na kifurushi kidogo cha intaneti aweza kuweka kidole juu ya kijiji chake katika ramani, akasoma jua la Januari, la Februari, mpaka Desemba, akachagua mwezi ulio dhaifu kuliko yote, na kwa mwezi huo akapima paneli. Twawasihi walimu, waganga na makatibu wa vyama vya ushirika wafanye hivyo tangu leo. Hakuna fundi mwaminifu atakayekasirika akiulizwa: umepima kwa mwezi gani?

Lakini twawasihi pia wasiyaamini macho ya mbali kupita kiasi. Jua la NASA huhesabiwa kwa miraba ya digrii moja. Mraba unaoishika Tukuyu, ule wa kati ya digrii 9 na 10 za kusini na digrii 33 na 34 za mashariki, una upana wa kilomita 110 hivi kila upande. Ndani yake kimo kilele cha Mlima Rungwe, yamo mashamba ya chai ya Katumba, imo mipunga ya Kyela, na umo hata mji wa Karonga huko Malawi. Wote hao hupewa jua moja, kana kwamba wanakaa chini ya mti mmoja. Hesabu za PVGIS na za Atlasi ni za vipande vidogo zaidi na zafaa zaidi, lakini nazo huona wingu kutoka juu. Milima yenye ukungu na mawingu yanayobadilika upesi ndiyo mahali ambapo setilaiti hukosea zaidi, na dawa ya kosa hilo yajulikana: ni kuwa na kipimo cha ardhini cha kuisahihisha. Pasipo kipimo hicho, picha nzuri ya kompyuta hubaki kuwa makisio yenye rangi.

Tukuyu ina kituo cha hali ya hewa. Jina lake husikika katika taarifa za mvua, na upimaji wa hali ya hewa katika nchi hii ni kazi ya vizazi. Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ilitufanyia kazi hiyo pamoja na wenzetu wa Kenya na Uganda mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Baadaye tukawa na idara yetu wenyewe, kisha Wakala mwaka 1999, na kwa sheria ya mwaka 2019 tukawa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Watumishi waliokuwa wakitoka nje saa tatu asubuhi katika mvua ya Tukuyu kusoma vyombo na kuandika daftari wamelijengea taifa akiba isiyoweza kununuliwa leo kwa fedha yo yote, kwa maana hakuna awezaye kurudi nyuma kuipima siku iliyopita.

Basi twauliza, akiba hiyo ni ya nani? Kwa utaratibu uliopo, anayetaka takwimu za kina za kituo hutakiwa kuziomba na kuzilipia ada. Tazama sasa jinsi mambo yalivyogeuka. Makisio ya jua la Rungwe yaliyofanyiwa Ulaya na Marekani mwananchi huyapata bure usiku wa manane; vipimo vilivyofanywa Tukuyu, na Watanzania, kwa kodi ya Watanzania, ndivyo vyenye mlango wa kubisha. Fundi kijana atakwenda wapi? Atakwenda pasipo na ada, na hatutamlaumu.

Tunajua jibu litakalotolewa. Watasema kwamba vyombo ni ghali, vipuri ni ghali, na ada ndiyo inayosaidia kuvitunza. Hoja hii ina uzito na hatuidharau. Shirika la ndege au kampuni kubwa inayotaka kazi maalumu ifanywe kwa ajili yake na ilipe. Hilo ni haki. Lakini kipimo cha siku cha jua, mvua, joto na upepo ni kama jiwe la mpaka au kibao cha barabarani, ambacho thamani yake hukua kadiri watu wengi wanavyokitazama. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, katika mkutano wake wa Oktoba mwaka 2021, lilikubali sera mpya inayotaka takwimu za msingi zibadilishwe baina ya nchi bure na bila vizuizi. Itakuwa kichekesho ikiwa mtaalamu wa Geneva ataipata mvua ya Tukuyu kabla ya mwalimu wa Tukuyu. Na kama ni suala la fedha, hebu ziwekwe katika mizani moja: upande mmoja ada zinazokusanywa kwa watafiti na mafundi wachache, upande mwingine betri zilizokufa mapema, chanjo zilizoharibika na mitambo ya shule iliyofungwa midogo mno.

Faida za takwimu hizo si za umeme peke yake. Nguvu ya jua ndiyo inayoamua ni maji kiasi gani yatatoka katika majani ya mchai kwa siku, na chai imekuwa uhai wa Rungwe tangu ilipoanza kupandwa Kyimbila zama za Wajerumani. Mkulima wa parachichi atazihitaji, na mtafiti wa Uyole pia. Mipango ya nishati nayo itazihitaji. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hujaa wakati ule ule jua linapofifia, na hupungua wakati jua linaporudi. Ndugu wawili hao wangeweza kusaidiana zamu kwa zamu, lakini nani atazipanga zamu pasipo kujua kila mmoja ana nguvu kiasi gani kila mwezi? Huko Ngozi na Kiejo-Mbaka utafiti wa mvuke wa ardhini umefanywa kwa kupima na kupima tena. Jua lastahili heshima hiyo hiyo. Wala wasomaji wasidhani twasema Rungwe haifai kwa umeme wa jua. Paneli hupoteza karibu sehemu 4 katika 1,000 za nguvu yake kwa kila digrii ya joto lake inayopita 25, na kwa hiyo baridi ya Tukuyu ni msaada ambao Dar es Salaam hawana. Hata chini ya wingu paneli haifi, hupungua. Serikali ilipochagua Kishapu, huko Shinyanga, kwa mtambo mkubwa wa megawati 150, ilichagua mahali penye jua jingi, na ilichagua vema. Rungwe haiombi mtambo wa namna hiyo. Yaomba kujua kiasi chake.

Kwa hiyo twaiomba Wizara inayohusika na Mamlaka ya Hali ya Hewa zifungue daftari za Tukuyu, za zamani na za sasa, ziwekwe mahali ambapo mwananchi ye yote aweza kuzisoma kwa simu bila ada. Twaomba piranomita ziwekwe na kutunzwa katika sehemu tatu za mteremko huu: Isongole juu, Tukuyu kati, na Kyela chini, tarakimu za sehemu hizo tatu kwa miaka michache zitatufundisha mengi kuliko semina kumi. Shule za sekondari nazo zisingoje. Mpango wa TAHMO, ulioanzishwa na wataalamu wa Uholanzi na Marekani kwa nia ya kuweka vituo 20,000 katika Afrika, hutumia vituo vidogo vinavyopima jua, mvua, joto na upepo, na vingi huwekwa katika viwanja vya shule, wanafunzi wakavilinda na kujifunza kwavyo. Shule iliyo kwenye kilima cha Mwakaleli haina sababu ya kuikosa nafasi ya namna hiyo, na Halmashauri ingeweza kuwa ya kwanza kuandika barua.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Madiwani wa Rungwe na wa Busokelo wapitishapo fedha za mitambo ya jua kwa shule na zahanati, wasikubali mkataba wo wote usioandikwa mambo mawili katika ukurasa wake wa kwanza: mwezi ulio dhaifu kuliko yote mahali pale una yuniti ngapi za jua kwa siku, na tarakimu hiyo ilipatikana wapi. Mkandarasi asiyeweza kujaza mistari hiyo miwili arudishiwe karatasi zake.